Kiti cha Nne

Alhamisi, chumba cha chini, kwa Bergsteinn, Ísafjörður.
Jua halijavuka mlima tangu Novemba,
na halitavuka mpaka Januari iishe.
Tumezoea. Tunavua viatu vya theluji mlangoni,
tunamimina kahawa,
tunarusha dadu.

Kiti cha nne kimevaa koti lake.
Hakuna aliyelitundika,
hakuna aliyethubutu kulitoa.

Bergsteinn ndiye msimulizi wetu:
usiku anaendesha greda la theluji,
mchana anaumba falme na kuziangusha.
Jana alikohoa, akafungua daftari, akasema,
"Mmefika langoni Haldrun."

Haldrun tunaijua. Ni sisi tulioitunga,
miaka kumi na mmoja nyuma, kwa penseli,
mgongoni mwa risiti ya duka la samaki:
nchi iliyo juu ya mawingu ya shaba
wanakokwenda waliokufa wamesimama.
Huko majeraha hufumbua macho alfajiri
na kuyafumba magharibi.
Huko kulungu mweupe huliwa kila jioni,
na kila asubuhi hukutwa kisimani, anakunywa maji.
Na juu ya lango, maneno ya kuchonga
(Sólrún aliyatunga, akihesabu mizani kwa vidole):

*Usiutaje upanga, ulobeba mkononi,*
*Wala majoka ya anga, uliyoua vitani,*
*Sema nani ulichunga, alolala barafuni,*
*Ndipo lango nitafunga, nawe umo humu ndani.*

Tulimtafuta Korvad, mbeba ngao.
Korvad alikufa Machi, dadu ilipoangukia moja,
na Eyvindur, mwenye Korvad wake, alicheka:
"Afadhali. Huko kuna chakula."
Septemba akafa Eyvindur,
moyo, saa nne asubuhi,
katika jiko la hospitali, mwiko mkononi,
wagonjwa arubaini wakisubiri supu.

Ukumbini tulipita meza ndefu.
Asketh aliyeikata nyota alikuwa akiikata tena kwa maneno.
Malkia Ithmere alionyesha kovu, akaonyesha jingine.
Kila shujaa alikuwa akijisifu,
na hakuna aliyekuwa akimsikiliza jirani.
Korvad? Mlinzi alishusha kidole kwenye orodha
mpaka kidole kikaisha karatasi.
Hayupo.

Mhusika wangu ni mwizi mfupi mwenye pua ndefu.
Nikasema: nanusa.
Nikarusha. Kumi na saba.
Bergsteinn alinitazama muda mrefu.
"Unanusa," akasema taratibu, "kitunguu. Siagi.
Samaki aliyepondwa na viazi.
Pilipili manga imezidi."

Imezidi. Siku zote ilizidi.

Tukafuata harufu, ngazi hadi ngazi,
chini ya ukumbi, chini ya majigambo,
hadi kwenye mlango usio na maandishi.
Alikuwapo, ametupa mgongo, anakoroga.
Ngao yake ilikuwa kifuniko cha sufuria.

Hapo ndipo ilimpasa msimulizi aseme kwa sauti ya Korvad.
Alifungua kinywa.
Friji ilinguruma. Ikanyamaza. Ikanguruma tena.
Sólrún aliinuka kwenda kuosha kikombe
kilichokuwa safi.

"Mmechelewa," Bergsteinn akasema mwishowe,
na sauti haikuwa yake, wala haikuwa ya Eyvindur.
"Kaeni. Sahani zipo."

Hatukuuliza zaidi. Tulikuwa na maswali;
mimi nilikuwa nayo matatu, nimeyaandika.
Msimulizi akatoa mtotoni mwa meza karatasi ya Korvad,
mwandiko wa kuinama, doa la mafuta pembeni.
Mahali pa uhai palikuwa na sifuri.
Akaifuta, polepole, akapuliza vumbi la kifutio,
na hakuandika kitu.

Nje, theluji ilikuwa imelizika gari langu.
Tulilifukua sote watatu,
kwa mabeleshi mawili.